Mkanda wa kijani: niendelee na fimbo na nunchaku, au nirudi kwenye mateke tu?

Kijani_Likoni aliuliza:

Salaam wadau. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Likoni, na taekwondo nafanyia ng'ambo, kisiwani, kwenye ukumbi ambao asubuhi huwa chekechea. Kabla ya mazoezi tunaondoa viti vidogo na kufagia makombo ya biskuti. Mkanda wangu ni wa kijani, mtihani wa bluu ni likizo ya Agosti.

Sasa Jumamosi sabum, yaani mwalimu wetu, ametuanzishia silaha. Kwanza fimbo ndefu, halafu nunchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo au kamba. Fimbo zenyewe ni paipu za maji zilizozungushiwa utepe, na nunchaku zimevishwa sponji. Sponji hiyo isikudanganye. Siku ya kwanza niliitupa begani niidake kwapani kama alivyoonyesha, ikapita bega ikanipata nyuma ya sikio, nikaona vimulimuli.

Shida ni kwamba nimezipenda. Kwenye pambano mimi ni mfupi na nimejaa kidogo, na kwa vile tunapangwa kwa uzito, kila mara naangukia wasichana warefu wembamba. Mimi nikijitahidi nikampata teke la kifuani napewa pointi mbili. Yeye ananyanyua mguu tu, wala hajikazi, ananigusa kichwani anaondoka na tatu. Kwenye fimbo hakuna wa kuninyanyasa kwa urefu.

Halafu kuna hili. Tangu nianze fimbo, teke langu la kugeuka nyuma limenyooka. Zamani nilikuwa nageuka mwili wote kwa mpigo, nikifika nimeshampoteza mtu. Fimbo haikubali. Ukizungusha kiuno kabla macho hayajafika, ile ncha ya nyuma inamgonga mwenzako au inachubua ukuta. Sabum kazi yake ni kupiga kelele, "Macho kwanza!" Siku hizi hata mikono ikiwa mitupu kichwa kinatangulia chenyewe. Ama nafikiria tu?

Mama hataki kusikia. Anasema mateke alikubali, marungu hakuyalipia. Tena kuna siku kwenye ukaguzi wa feri askari alizitoa nunchaku kwenye begi akaziinua juu, foleni nzima inatazama. Nilieleza akaniachia, lakini wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hivyo: silaha zinasaidia kweli au zinakula muda wa Taegeuk Sa Jang, ule mfululizo wa nne wa miondoko? Na nyinyi mnazibebaje?

Mstaafu_wa_Dobok alijibu:

Mdogo wangu, nimefundisha watoto wa umri wako Nairobi miaka mingi. Nianze na mtihani. Nunchaku, sai, tonfa na ile fimbo ndefu ya takriban mita 1.8 ni mambo ya Okinawa, Japani. Watu walimwona Bruce Lee nazo wakadhani kila mchezo wa mateke unazo. Mitihani ya mikanda inayofuata utaratibu wa Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, haikuulizi silaha. Utaulizwa poomsae (mifululizo ya miondoko kama hiyo Sa Jang), mateke, pambano, pengine kuvunja ubao. Walimu wengi huongeza silaha kwa sababu wanafunzi wanazipenda, na wewe ni ushahidi. Muulize sabum wako waziwazi kama atazihesabu.

Hilo la kichwa kutangulia hulifikirii tu. Kwa kanuni za sasa teke la kawaida kifuani ni 2 na kichwani 3, lakini ukilipiga kwa kugeuka ni 4 kifuani na 5 kichwani. Unaona hesabu? Yule mrefu anakutafuta kichwa kwa mguu wa mbele, na akiuinua ubavu wake uko wazi. Ukigeuka wakati huo, 4 zako dhidi ya 3 zake. Rio 2016, Cheick Cissé wa Kodivaa alikuwa nyuma kwenye fainali ya kilo 80, sekunde ya mwisho akageuka akampata Mwingereza Lutalo Muhammad kichwani. Dhahabu. Kwa hiyo fimbo endelea nayo. Nunchaku mimi ningeziweka kando hadi baada ya Agosti, mkono unajifunza sarakasi wakati miguu inangoja.

Na kwenye Sa Jang, angalia yale mateke mawili ya ubavu yanayofuatana. Wengi wakitua la kwanza mikono inashuka, mtahini anaandika.

Bondia_Mburahati alijibu:

Dada usikasirike, ila hayo ni maonyesho. Hapa Dar nimewaona vijana wanazungusha vijiti mpaka unasikia upepo, ukiwavalisha glavu raundi moja tu wanatafuta mlango. Faith Ogallo wa kwenu alifika Olimpiki ya Tokyo kwa nunchaku? Piga mateke, ruka kamba, kimbia.

Kijani_Likoni alijibu:

Kaka, kamba naruka, na kukimbia nakimbizwa mchangani Shelly mpaka natapika. Sijasema nataka kwenda na kijiti kwenye pambano. Nimesema fimbo imenirekebishia teke. Hayo mengine ni kama kaka yangu wa nyumbani, mnasema sawasawa.

Bakora_ya_Amu alijibu:

Mwanangu, mimi taekwondo siijui, ila fimbo naijua. Kwetu Amu tuna kirumbizi, harusini na wakati wa Maulidi. Ngoma na nzumari zinalia, watu wamezunguka, wawili wanaingia kati na bakora. Anayetazama fimbo ya mwenzake amekwisha. Unatazama bega. Fimbo inaweza kukuhadaa, bega haliwezi, na ukishapigwa vidole mara moja unajua kwa nini. Mwambie bibi mkubwa nyumbani kwamba pwani hii vijana wameshika fimbo kabla ya huyo sabum wako kuzaliwa, na wazee wetu hawakuita uhuni.

Halafu paipu ya maji ni nyepesi mno, haikufundishi kitu ikigonga. Tafuta mti wa mpera, uukaushe kivulini, usiuanike juani utapasuka.

Mama_Watatu_Kisauni alijibu:

Mimi nasema kama mama. Mwanangu wa kiume anacheza karate na nilikuwa mkali kuliko mamako. Kilichonituliza si maelezo, ni siku niliyokwenda nikakaa nikatazama. Niliona wanavaa kofia za kinga, wanasimama mbalimbali, na mwalimu akisema wasimame hakuna kijiti kinachoendelea kutikisika. Mkaribishe. Asipoona kofia vichwani ana haki ya kukutoa, na mimi nitamuunga mkono.

Kuhusu feri, kwa nini uzibebe? Ziache ukumbini. Ukilazimika, ziweke begi moja na dobok (sare yako) na mkanda, na uwe na barua ya mwalimu yenye namba yake. Usiku usitembee nazo kabisa. Polisi hawajui wewe ni mkanda gani.

Kijani_Likoni alijibu:

Nimemuuliza sabum. Silaha hazimo kwenye mtihani, ila hataki tuziache. Tumekubaliana fimbo tutaicheza mwisho wa Jumamosi, baada ya kila mtu kumaliza poomsae yake bila kukosea, na nunchaku zimefungiwa kabatini pamoja na kalamu za rangi za chekechea. Kofia tulikuwa hatuvai kwenye fimbo. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuanzia wiki hii tutavaa.

Baba wa Amu, hilo la bega nimelijaribu jana kwenye pambano la kawaida. Yule mrefu wetu kabla hajanyanyua mguu bega lake la kushoto linashuka kidogo. Niliwahi mara mbili, ya tatu akanishtukia akanipiga za uso.

Mama amesema atakuja, lakini atakaa karibu na mlango.

Mpera upo kwa jirani. Na mbwa pia yupo.