Timu yetu ya baseball inatafuta meneja mpya, nimeitwa kutoa maoni Alhamisi, naombeni ushauri

MtotoWaChumbageni
Wakuu habari za muda huu. Niko Marekani mwaka wa saba sasa, nafanya kazi kwenye timu ya baseball ya kulipwa. Sio zile kubwa 30 mnazoziona kwenye TV, hii ni ligi ndogo ya kujitegemea, mwenye timu ndo kila kitu. Mimi niko chumba cha wachezaji, nafua jezi, nasafisha viatu, naandaa chakula baada ya mechi, mabegi ya safari napanga mimi.

Mwezi wa saba meneja wetu alifukuzwa tukiwa tumepoteza mechi 9 mfululizo, msaidizi wake akakaimu mpaka msimu umeisha mwezi wa tisa. Sasa wanatafuta wa kudumu na wamebaki watatu: huyo anayekaimu, mmoja alikuwa anafundisha chuo kikuu, na kijana wa miaka 34 ambaye anatembea na laptop muda wote, mtu wa takwimu. Alhamisi mwenye timu na mkewe wanatuita mmoja mmoja, hata mimi wa kufua, wanasema wanataka kusikia kwa watu wanaoishi na hao makocha.

Mtu akikuuliza hivyo unasema kila unachokijua au unasema mazuri tu unatoka? Siku ya nne leo silali vizuri.

KitiChaMbele
Nimefika mapema. Ngoja waje wataalamu.

MzeeWaMsimbazi
Mkuu kocha ni kocha tu, matatizo ni yale yale. Sisi Bongo tunajua kubadilisha makocha kuliko kubadilisha mashuka. Jirani zetu Nabi aliwafikisha fainali ya Shirikisho 2023, mwezi haujaisha kaondoka. Nilikuwa Kwa Mkapa siku ile japo ni mtu wa Simba, nilienda na shemeji yangu wa Yanga, alilia mpaka nikamnunulia maji. Kwa hiyo sema mazuri, maana hata ukisema nini mwenye hela ana mtu wake tayari.

Azania9
Uzi mtamu huu. Nimecheza baseball pale Azania sekondari kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, kwa hiyo nitachangia kidogo. Wengi wanadhani meneja wa baseball ni kama kocha wa mpira wa miguu. Kwenye mpira kocha anapanga kikosi, filimbi ikilia anabaki kupiga kelele. Meneja wa baseball anaamua kila dakika, amtoe mrushaji saa ngapi, nani aende kupiga, nani aibe kituo (akimbilie kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa). Na mchezaji akitoka hairuhusiwi kurudi tena mechi ile, ukikosea umekosea. Mleta mada na mimi naongezea, kwenye hizi ligi za kujitegemea meneja mara nyingi ndo anatafuta wachezaji mwenyewe, anawapigia simu vijana walioachwa na timu kubwa. Kwa hiyo ukipata meneja mbovu hujapata benchi bovu tu, umepata timu nzima mbovu.

Mimi ningempa yule wa chuo. San Francisco Giants, moja ya zile timu kubwa 30, mwaka 2025 walimchukua Tony Vitello awe meneja moja kwa moja kutoka chuo kikuu cha Tennessee, mtu ambaye alikuwa hajawahi kufundisha timu ya kulipwa hata siku moja. Dunia inabadilika.

SistaZamuYaUsiku
Mdogo wangu, mtu hakosi usingizi siku nne kwa sababu ya kuulizwa maoni. Kuna kitu unakijua kuhusu mmoja wao. Sema.

MtotoWaChumbageni
Sista ni kweli. Ni huyu anayekaimu. Anakunywa. Sio kama watu wanavyokunywa baada ya kazi, anakunywa mechi ikiendelea. Ana kikombe cha chuma cha kijani kina mfuniko, kimebonyea ubavuni, watu wote wanajua ni kahawa. Lakini ni mtu mzuri sana jamani, hajawahi kumtukana mtu, wachezaji wanampenda, na tangu akaimu tumeshinda zaidi ya tulivyofungwa.

BiMwanaidi
Pole sana mwanangu. Ulevi ni mama wa maovu yote, marehemu mume wangu alikuwa dereva hapa Mombasa, naye hakuwa mlevi, ila tajiri wake ndiye alikuwa mlevi, na gari lilipoanguka Mariakani alolala ndani ni nani? Alolala ndani ni dereva. Sema kweli mwanangu hata ikikuuma, na ukitoka hapo swali rakaa mbili.

FundiBomba_Dom
Kama anashinda mwacheni anywe. Kazi ni matokeo.

Azania9
Fundi suala lako lina historia kabisa. White Sox ya Chicago Oktoba 2020 walimrudisha meneja wao wa zamani Tony La Russa akiwa na miaka 76, hajashika timu tangu 2011. Baada ya wiki chache ikatoka kwenye habari kwamba Februari mwaka huo alikamatwa Arizona kwa kuendesha gari amelewa, na klabu ilikuwa inajua wakati inamuajiri. Watu walichachamaa lakini hawakumtoa, na 2021 akashinda mechi 93 wakaongoza kundi lao. Lakini pia yupo Ron Washington aliyekuwa meneja wa Texas Rangers, 2009 alipimwa akakutwa na kokeini, ila kabla majibu hayajatoka alienda mwenyewe kwa mabosi wake akawaambia na akajitolea kujiuzulu. Wakamuacha. Akawapeleka World Series, fainali kuu ya baseball ya Marekani, 2010 na 2011 mfululizo. Ile ya 2011 alifungwa na Cardinals, na meneja wa Cardinals alikuwa nani? La Russa huyo huyo.

Tofauti naiona hapo kwa Washington, alisema mwenyewe.

SistaZamuYaUsiku
Azania asante, lakini mleta mada hajamaliza. Kijana, umesema watu wote wanajua ni kahawa. Wewe umejuaje sio kahawa?

MzeeWaMsimbazi
Sista umekuwa hakimu sasa 😂

MtotoWaChumbageni
Kwa sababu ndani namuwekea mimi.

Naombeni msinihukumu haraka. Alianza mwaka juzi kuniomba nimnunulie nikitoka sokoni na vitu vya chakula, nikaona ni mtu mzima, hela ni yake. Baadae akawa ananiachia kikombe mezani kwangu kabla ya mechi. Hakuna siku alinilazimisha. Mwaka jana mama yangu alipofariki Tanga sikuwa na hata nusu ya nauli, timu ilisema itaangalia, yeye hakuangalia, alikata tiketi usiku ule ule akanipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Nilimzika mama yangu kwa sababu ya huyu mzee. Na wiki iliyopita nilishamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nitasema sijaona kitu. Ndo maana nauliza, maana ahadi ni deni.

BiMwanaidi
Lo! Hapo pagumu mwanangu.

FundiBomba_Dom
Sasa hapo huna cha kuuliza kaka, ukimchoma yeye umejichoma na wewe. Kaa kimya.

SistaZamuYaUsiku
Mimi ni nesi, huu mwaka wa 14 wodini. Nakuuliza swali moja tu, je kuna mtu aliwahi kuumia?

BaharaSalim
Wakuu samahani nawakatisha. Hivi mnaamini kabisa hii habari? Mimi naona hapa ni chai ya tangawizi. Mbongo, kwenye timu ya baseball, halafu kocha anamtuma pombe, halafu mama kafariki, halafu ahadi, kila tukimuuliza anatoa kipande kingine kama tamthilia. Na kuna mahali niliona mtu anasema eti makocha wa huko wanavaa jezi. Mzee wa miaka 60 anavaa jezi kama mchezaji? Mleta mada wewe si unasema unafua, haya tuambie unafua jezi za nani.

KitiChaMbele
Hata mimi nilianza kuhisi. Weka picha ya kikombe.

Azania9
Bahara kwa jezi umeingia chaka. Meneja wa baseball anavaa jezi ya timu, ni mila ya zamani tangu mameneja wengi wakiwa wanacheza pia wenyewe. Aliyekataa maarufu ni Connie Mack, alikaa na Philadelphia Athletics miaka 50, kuanzia 1901 mpaka 1950, na alikuwa anavaa suti benchi. Kuhusu kisa chenyewe sisemi, aje mwenyewe.

MtotoWaChumbageni
Picha siweki, nikiweka nimemaliza kazi yangu na yake. Lakini Bahara nakujibu kwa heshima. Nafua jezi 27, ya meneja ikiwemo, magoti yake hayana udongo kama ya wachezaji, ina majivu ya sigara mfuko wa kulia. Kabla ya mechi nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na maboksi ya mipira, napaka matope. Mpira mpya wa baseball unateleza, una mng'ao, kwa hiyo unachukua matope kidogo sana kwenye kiganja, unatemea mate au maji, unausugua mmoja mmoja mpaka rangi inakuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, sio zaidi, mwamuzi anaukataa. Matope yanatoka mto Delaware upande wa New Jersey, laini kama losheni, ukinyoosha vidole jioni unayakuta kwenye kucha. Kama nimetunga, nimetunga nikiwa na kucha hizi.

MzeeWaMsimbazi
Matope yanauzwa?! Aisee na sisi Rufiji tumekaa nayo bure. Hivi mkuu hizo kazi za kufua wanachukua watu? Nina kijana wangu kamaliza VETA.

BaharaSalim
Haya ya matope nimeenda kuangalia, ni kweli. Nimeomba radhi kwa hilo la mama pia. Ila swali la sista hujajibu.

MtotoWaChumbageni
Nilikuwa nalikwepa.

Mwezi wa nane tulikuwa na mrushaji, kijana wa miaka 21 kutoka Jamhuri ya Dominika, mkono wake ni dhahabu. Mechi moja alirusha mipira 127. Mrushaji akifika mia hivi watu wanaanza kupasha mwenzake. Raundi ya saba kijana alikuwa anashika kiwiko kila akirusha, mimi niko mlangoni na mataulo namuona, kila mtu anamuona, na mzee amekaa na kikombe anaangalia mbele tu. Kocha wa warushaji alimwambia mara mbili. Mara ya pili mzee akamuuliza hii ni raundi ya ngapi. Kijana akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, yuko kwao sasa, anatumia watu wa timu salamu, mimi pia ananitumia.

Sijui kama ni pombe. Inawezekana angemuacha hata angekuwa mzima, mameneja wanakosea. Lakini kikombe cha siku ile nilikijaza mara mbili.

FundiBomba_Dom
Nimefuta niliyosema juu. Sikujua.

BiMwanaidi
Mwanangu huyo kijana ana mama kwao.

Azania9
Kama mwenye timu atampa miaka miwili, huyu mzee ndo atakuwa anawapigia simu vijana wengine kama yule waje. Jaribu kumuona mzee kabla ya Alhamisi. Mpe nafasi aseme mwenyewe kama Washington.

SistaZamuYaUsiku
Nami hivyo hivyo. Aliyekupeleka airport sio mtu wa kumsemea kwa mlango wa nyuma. Mpigie leo. Na la kikombe useme ni wewe, usije ukasimulia kama vile kilijijaza.

KitiChaMbele
Leo Jumatano. Mrejesho mkuu?

MtotoWaChumbageni
Nimempigia jioni hii. Nimemwambia mzee, kesho saa nne naingia, na sitaweza kusema sijaona, nitasema na langu pia. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, nikawa nasikia TV yake. Hajanitukana. Aliuliza tu kama kile kikombe bado kiko kwenye kabati langu kazini. Nikamwambia kipo. Akasema, kitupe, akakata.

Sijajua alimaanisha anaacha au alimaanisha nifiche. Nimepitia uwanjani usiku huu na funguo ninayo, nimekitoa, kiko mbele yangu mezani. Sijakitupa. Nyie mnaelewaje hapo?