Baba ana Parkinson, anakwama mlangoni. Wenye wagonjwa wa hivi mnasaidiwa na nani huko mliko?

BintiFundi

Habari za jioni wadau. Ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Niko Bomang'ombe, wilaya ya Hai. Baba yangu ana miaka 68, ni fundi cherehani, ameshona kwenye baraza hilo hilo tangu sijazaliwa. Na mimi nashona, yeye ndiye aliyenifundisha.

Ugonjwa ulianzia kwenye daftari la vipimo. Baba huandika kifua, kiuno, urefu, kila mteja na ukurasa wake. Mwaka 2021 nikaona namba zinasinyaa. Juu ya ukurasa 38 unaisoma vizuri, ukifika chini imekuwa punje ya ulezi. Nikamtania kwamba siku hizi anabana wino. Halafu mkasi ukaanza kula kitambaa nje ya mstari, akaharibu suti ya bwana harusi, tukalipa. Uso nao ukakauka. Wateja wakawa wanasema mzee kanuna, wakahama mmoja mmoja. Mkono wa kulia ukawa unatetemeka akiwa amekaa tu, akishika kitu unatulia. Majirani wakafunga kesi: ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba yangu mara ya mwisho kugusa mbege ni siku ya kipaimara changu.

Tulizunguka miaka miwili. Tukatibiwa presha, tukatibiwa shingo, na shangazi akampeleka mahali ambapo sitaki kupaongelea. Mwisho daktari wa mishipa ya fahamu akamwangalia anavyotembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akasema Parkinson kabla hata hatujamaliza kueleza. Akatufafanulia kwamba kuna seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, na zinakufa taratibu, ugonjwa hauponi ila dawa inasaidia. Akaandika levodopa yenye kabidopa. Tukashukuru, tukaondoka. Hakuna aliyetuambia usiku atageukaje kitandani.

Ndilo hilo linalonileta. Dawa tunajikamua, kopo moja linameza hela ya gauni tatu za mshono, lakini tunanunua. Kinachotushinda ni saa zote zilizobaki. Mama ana miaka 63, usiku anaamka mara nne kumgeuza, sasa mgongo wake mwenyewe umekwisha. Baba haendi tena jumuiya, anaona aibu chai kumwagika mbele za watu. Sauti imeshuka hadi mtu anadhani anajisemea mwenyewe, kwa hiyo watu wameacha kumjibu.

Na kuna jambo ambalo sijaelewa kabisa. Akifika kwenye kizingiti cha mlango miguu inagoma, kama imegandishwa na gundi. Mwili unataka kwenda mbele, miguu haitaki. Ameshaanguka mara mbili hapo. Lakini mkalishe kwenye cherehani yake ya miguu, ile Butterfly ya zamani, akanyage pedali: anakanyaga kama kijana wa miaka ishirini! Mdundo ule ule ninaoujua tangu utoto. Ndugu wakiona hivyo wanasema anajifanya.

Nauliza: kuna kikundi chochote cha wagonjwa wa hivi, iwe Moshi, Arusha au popote? Kuna mtu anayepita majumbani? Ofisi gani inahusika? Nyie wenye wazazi hivi mnafanyaje?

---

NesiMstaafu_Tanga

Pole sana mwanangu, na mama umpe pole yangu.

Kwanza ndugu waambie hajifanyi. Huko kuganda ndiko kulivyo. Njia ya ubongo inayoanzisha mwendo wenyewe imeharibika, ila mdundo au kitu cha kuona kwa macho hupitia njia nyingine.

Pili, dawa anakunywa saa ngapi na anakula nini? Levodopa hugombania njia na protini. Akiimeza pamoja na sahani ya maharage au nyama, atakuja kukwambia leo dawa haikufanya kazi. Aimeze nusu saa kabla ya chakula, au asubiri saa moja baada ya kula. Nyama na maharage tulikuwa tunashauri vikae jioni. Na saa ziwe zile zile kila siku, weka mlio kwenye simu. Msikatishe ghafla hata siku moja kwa sababu hela imeisha, ni hatari. Ongeeni na daktari mapema kabla kopo halijafika chini.

Tatu, na hili liandikeni kwenye karatasi mlibandike kwenye daftari lake la kliniki: asipewe metoklopramidi akitapika, wala haloperidoli akichanganyikiwa. Zote mbili zinazuia dopamini. Nimeona mzee aliyeingia wodini akitembea, akatoka amebebwa, kwa sindano ya kichefuchefu tu. Aliyemchoma hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na la usiku: wewe si fundi? Chukua satini, shonea katikati ya shuka, kipande cha kutoka mabegani hadi mapajani. Juu na chini bakiza pamba, ili visigino vipate pa kushika. Na pajama yake iwe laini. Atageuka kwa kuteleza, mama atalala.

---

BintiFundi

Mama Nesi, Mungu akubariki. Hiyo sindano nadhani tumeshapigwa. Mwezi wa tatu alitapika, tukakimbilia zahanati moja, akachomwa kitu, siku tatu zilizofuata alikuwa gogo. Tukajua ugonjwa umepanda ngazi. Kadi yenyewe wameandika "sindano ya kutapika" basi.

Satini ninayo, ya rangi ya dhahabu, ilibaki kwenye nguo za wasimamizi wa harusi. Mzee atalala kama sultani.

---

Sauti_ya_Nyikani

Dada, hizo dawa za kizungu zitammaliza. Upupu upo bure maporini, mbegu zake zina hiyo hiyo levodopa, tafuta utaona. Saga, mpe kijiko asubuhi. Na mfunge maombi, siku saba.

---

NesiMstaafu_Tanga

Kaka yangu, kuhusu mbegu za upupu hujasema uongo, levodopa imo na wataalamu wanazichunguza. Lakini kijiko chako kina kiasi gani? Cha leo na cha kesho vitalingana? Mzee yuko tayari kwenye kidonge, ukimjazia juu yake atarukaruka mwili mzima au presha idondoke aanguke. Aende na mbegu zake kwa daktari waongee. Maombi endeleeni nayo, hayagombani na dawa.

---

KijanaWaKibosho

Shikamoo Mama Nesi. BintiFundi pole dada yangu, mimi ni jirani yako wa Kibosho ila niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nina wawili wenye Parkinson kwenye ratiba yangu ya asubuhi.

Nikueleze kwa huku. Kuna nesi maalumu wa Parkinson, si daktari, ni nesi ambaye kazi yake ni hao tu. Unampigia, anakuja au anakujibu. Anayebadilisha saa za dawa mara nyingi ndiye huyo. Halafu kuna shirika la Parkinson's UK, lina vikundi miji mingi, watu wanaimba pamoja ili sauti isife, wanacheza muziki, wake na waume zao wanakaa pembeni wanapiga soga na chai. Mzee wangu mmoja hafungui mdomo wiki nzima, Alhamisi akienda kuimba anarudi anatukana kwa sauti kubwa.

Usidhani serikali ndiyo iliyoleta. Lilianzishwa mwaka 1969 na mwanamke mmoja, Mali Jenkins, kwa sababu ya dada yake aliyekuwa na ugonjwa huu.

Na ujue Hai yenu ina historia. Kati ya miaka ya 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani humo, kwenye watu zaidi ya 160,000, wakitafuta wenye Parkinson. Walipata 33, na karibu wanne kati ya kila watano hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Maana yake mzee wako hayuko peke yake huko mlimani, wenzake wamekaa ndani wakiitwa walevi.

---

mkulima_Ulanga

Mimi sina wa Parkinson, nina mtoto wa kifafa. Ila nachangia maana umeuliza kuhusu kikundi.

Huku Mahenge kifafa ni kingi kupita sehemu nyingine, wataalamu wanakihusisha na ugonjwa wa usubi, huu unaoenezwa na inzi weusi wa mtoni. Kuna daktari mwanamke, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huku mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wanasema kabla ya hapo mtu akiangukia motoni hakuguswa, mate yake yaliogopwa.

Ninachotaka kusema: kilichonisaidia mimi kilikuwa benchi. Wagonjwa wote wa kifafa wanaitwa siku moja. Unakaa pale toka saa moja asubuhi, pembeni yako mama mwingine ana mtoto mwenye makovu ya moto kama wako. Mnaanza kuulizana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinua jiko juu na kuzungushia matofali. Leo nikikosa nauli ya kufuata dawa, yeye ananichukulia.

Muulize daktari wenu kama anaweza kuwapanga hao wa kutetemeka siku moja. Haimgharimu kitu.

---

FizioMkongwe

Nimesoma yote, hasa hiyo ya cherehani. Dada, jibu la mlango unalo mwenyewe mfukoni. Chaki ya fundi.

Chora mistari sakafuni, ya kukatiza njia, kuanzia hatua tatu kabla ya kizingiti hadi hatua mbili baada yake. Nafasi iwe hatua yake ya zamani, siyo hii ya kuburuza. Mwambie asifikirie mlango, afikirie kuvuka mstari. Akiganda msimvute mkono! Wengi wanaangushwa na watoto wao wenyewe wanaovuta. Simama pembeni yake, mwache atulie, ahamishe uzito kushoto kulia, kisha hesabuni moja mbili au mgongee mdundo wa cherehani kwenye fremu ya mlango. Msimsemeshe mambo mengine akiwa anatembea.

Na msimwondoe kwenye hiyo Butterfly. Watu wanakimbilia kumpumzisha mgonjwa. Ashone hata matambara ya jikoni, ilimradi kila siku akanyage.

Kuhusu ofisi: nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mkianza na barua ya mtendaji wa kijiji. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu, kuna kitambulisho. Nisikudanganye, kitambulisho kitakuvusha dirisha la kumwona daktari, la dawa utaambiwa haipo kanunue. Lakini kwenye vipimo mtapumua. Pia halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 humo ni ya watu wenye ulemavu. Mkipata wenzenu mkajiunga, ulizieni.

Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mnaye hapo kijijini, yule anayekuja kwa wajawazito na watoto. Mwite nyumbani, mwonyeshe mzee. Hajafundishwa Parkinson, mfundishe wewe. Yeye ndiye anayejua nyumba zote.

---

BintiFundi

Wadau nimerudi, siku kumi na nane zimepita. Niwape mrejesho maana si vizuri kuchukua ushauri na kupotea.

Satini imefanya kazi kuliko dawa ya maumivu ya mama. Sasa anaamka mara moja, usiku mwingine hata haamki. Baba analalamika kitu kimoja tu, kwamba rangi ni ya harusi.

Mistari. Nilichora Jumamosi asubuhi, haraka haraka, nina mteja anasubiri. Baba akatoka chumbani, akasimama, nikajua ameganda. Kumbe anaangalia. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Hii haijalingana." Akaagiza futi. Mama akashika ncha moja, mimi nyingine, yeye amekaa kwenye kigoda anatoa amri, tukafuta tukachora upya kwa vipimo. Nilikuwa sijamsikia akitoa amri tangu mwaka jana. Kisha akainuka, akavuka mmoja, wa pili, wa tatu, kizingiti, akawa barazani. Mama akaingia jikoni, na najua hakuwa na kitu jikoni.

Si kila mara. Jioni dawa ikiisha nguvu bado anakwama, mistari au hakuna mistari. Watoto wa jirani nao wanaruka hapo wakidhani ni mchezo wao, na yeye anawahesabia.

Mhudumu wa afya nilimwita. Akamtazama baba kama dakika mbili, akasema, "Mbona kuna mzee huko Masama yuko hivi hivi?" Tumempata. Ana miaka 71, alikuwa dereva wa lori, nyumbani walishamtenga na kikombe chake. Mjukuu wake alimleta Jumapili kwa bodaboda. Wamekaa barazani saa nzima na nusu, mwanzoni kimya, halafu wakaanza kulinganisha mikono, nani anatetemeka zaidi. Baba anadai ameshindwa. Chai ilimwagika pande zote mbili na hakuna aliyekimbilia kitambaa. Jumapili ijayo sisi tunaenda kwao. Mjukuu anasema kuna mama mmoja naye ana dalili hizo, anataka kumuulizia.

Ustawi wa jamii nimepeleka barua, nimeambiwa nirudi Jumanne. Jumanne hiyo imeshapita, nimeambiwa nirudi Jumanne.

Swali dogo la mwisho, hasa kwa FizioMkongwe: chaki inafutika kila mama akipiga deki. Nataka kupaka rangi ya mafuta. Kwenye sakafu ya saruji, na mvua hizi, inachukua siku ngapi kukauka kabisa? Maana mlango huo ndio huo mmoja, na hawezi kukaa ndani akisubiri.