Fundi kaniambia mbele za watu "gari haigongi, masikio yako ndiyo yanagonga"

Bint Goba
Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, mikono inatetemeka kwa hasira. Yule fundi wetu wa chini ya mwarobaini, jina sitaji, mnamjua, nusu ya magari ya huku yamepita mikononi mwake na nusu iliyobaki imefia palepale. Leo kanitolea maneno ambayo hata konda wa daladala hajawahi kunitolea.

Gari ni Corolla. Inagonga mbele kushoto. Ukishuka tuta, ko! Ukikata kona, ko! Ukirudi nyuma, ko! Majirani wanafungua geti kabla sijapiga honi. Barabarani stelingi inatangatanga, unaishika kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani. Tairi imelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Nikamwambia, kaka, hii ni ile boljointi uliyonifungia juzijuzi, kile kiungo cha gololi kinachounga tairi na chuma cha chini cha gari, hebu iangalie.

Hakupiga jeki. HAKUPIGA JEKI! Kaipiga tairi teke kwa ncha ya kandambili, kajifuta mikono ambayo haikushika kitu, halafu kwa sauti ya kutangaza msiba: "Dada, gari haigongi, masikio yako ndiyo yanagonga."

Gereji nzima ikacheka. Kijana wa grisi kacheka. Mama chapati kacheka mpaka kaacha chapati zinaungua. Mwenye Noah iliyooteshwa majani pale tangu enzi za Mkapa, naye kacheka!

Nimeondoka nikaenda kwa fundi mwingine. Huyo hakusema neno. Kapiga jeki, tairi ikaning'inia, kaishika juu na chini akaitikisa. Inacheza. Akaniambia nikanyage breki akatikisa tena, maana ingekuwa beringi ingetulia. Bado inacheza. Akachomeka mtaimbo chini, akainua kidogo, nikaona kwa macho yangu boljointi inapanda na kushuka. Kiraba kimechanika, grisi hakuna, mchanga umejaa. Na pembeni ina alama ya kuchomelea! Ile "mpya" niliyolipia laki nzima ni ileile ya zamani imepigwa moto!

Masikio yangu! Yangu mimi!

Mzee wa Raum
Nimemjua kwenye mstari wa pili. Mimi aliniambia gari inavuta kushoto kwa sababu nimezoea kulala ubavu wa kushoto.

Kirungu
Na wewe dada ulipokea gari bila kuonyeshwa kifaa cha zamani? Hapo umeliwa, kalale.

Bint Goba
Niliomba nikione, akasema watu wa vyuma chakavu wameshapita. Na sijaomba ushauri wa kulala. Nimeambiwa masikio yanagonga, watu wakacheka!

Spana 17
Poleni wote ila hili la kuchomelea si la kucheka. Ndani ya boljointi kuna kikombe cha plastiki na grisi, ndivyo vinavyobeba ile gololi. Ukiweka moto vinayeyuka. Siku gololi ikichomoka, tairi inalala kifudifudi na gari linakaa chini, omba iwe barabara ya mtaani na si Morogoro Road. Toyota wenyewe mwaka 2005 waliita magari zaidi ya 700,000 yarudishwe kule Marekani, yakiwemo Tundra na Sequoia, kwa sababu ya boljointi za chini za mbele. Mwenye kiwanda anaogopa, wa chini ya mwarobaini anachomelea.
Kwa Corolla wala si kazi kubwa. Chini boliti moja na nati mbili, juu nati moja yenye spiliti pini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke. Itolewe kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, si kupondaponda ncha kwa nyundo. Spiliti pini mpya. Baada ya hapo alaimenti, yaani tairi zipangwe zikae sawa.

Mkuu wa Kaya
Hiyo ya kuning'iniza tairi msiipeleke kwenye Prado. Kule springi imekalia mkono wa chini (kile chuma kinachoshika tairi kwa chini), ukipiga jeki kwenye chesisi springi inaibana boljointi, unaambiwa nzima kumbe mfu. Jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe.

Kirungu
Dada Corolla, mwenye masikio na asikie 😂😂

Bint Goba
Endelea kucheka, kesho ni zamu yako na ka-Vitz kako. Kandambili! Kaikagua gari yangu kwa kandambili!

Mama Wawili
Afadhali wewe ulichomelewa. Mimi nimenunua mpya dukani, boksi limeandikwa Japani mpaka ubavuni, kufungua ncha unaizungusha kwa kidole kimoja. Mpya inatakiwa iwe ngumu! Nikarudisha, muuzaji ananiambia "mzigo ukishatoka haurudi". Haurudi kwani umekwenda Ulaya?

Mzee wa Raum
Wa maduka ndio wabaya kuliko mafundi wote. Ukiuliza chombo halisi anakutazama usoni kwanza ndipo anapanga bei.

Jirani Mwema
Mnalaumu mafundi bure. Tatizo matuta. Mtaani kwetu watu wamejimwagia zege lao wenyewe, IST inakalia tumbo juu, abiria wanashuka wanasukuma. Boljointi gani itapona hapo?

Kirungu
Hilo tuta nalijua, lina kivuli. Watu wanapumzika chini yake.

Mkuu wa Kaya
Tuta bila rangi wala kibao, usiku unaliona ukiwa tayari hewani. Mimi lilinilia shokapu zote mbili za mbele.

Bint Goba
Uzi ni wa fundi jamani, si wa matuta.

Mzee wa Raum
Mmesema shokapu, kuna mwenye za Raum za mbele?

Spea Chap
Ninazo mkuu, safi kabisa. Njoo inboksi.

Mzee wa Raum
Bei?

Spea Chap
Inboksi mkuu.

Mama Wawili
Kwani bei ni siri ya jeshi? Iandike hapa tuione wote! Nyie wa "njoo inboksi" mmeliharibu hili jukwaa, mtu anauliza kitu cha wazi unamvutia chumbani.

Spea Chap
Mama punguza jazba, bei inategemea na mteja.

Mama Wawili
INATEGEMEA NA MTEJA! Mmemsikia?