Kozi ya siku mbili ya vipandikizi vya meno inatosha?

Swali: Wakuu, nadaiwa pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) na kuna kozi ya siku mbili ya vipandikizi, yaani mizizi bandia inayoingizwa kwenye mfupa wa taya. Kujaza meno na kraun (kofia ya jino) nimezoea. Upasuaji wangu ni kung'oa tu. Niulize nini kabla ya kulipa?

Jibu la 1: Uliza kama mtatoboa wenyewe. Slaidi hazifundishi joto la kutoboa mfupa. Mfupa ukikaa nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, na kipandikizi hakishiki. Maji ya chumvi baridi yatiririke muda wote, kasi mizunguko 800 hadi 1,200 kwa dakika, ingiza na utoe bila kukandamiza. Drili butu ndiyo mchawi.

Jibu la 2: Vipimo vya kuweka kipandikizi navyo: 1.5 mm kutoka jino jirani, 3 mm kati ya vipandikizi viwili, 2 mm juu ya mfereji wa neva ya taya la chini. Angalia pia ncha ya drili, maana mara nyingi hupita alama ya urefu. Hapo ndipo mgonjwa anabaki na ganzi ya mdomo isiyokwisha.

Jibu la 3: Na kraun inayokaa juu ya kipandikizi je? Simenti ya kuibandika ikibaki chini ya fizi huleta usaha na kula mfupa. Mkifundishwa kraun ya skrubu, afadhali: kaza kwa nguvu aliyotaja mtengenezaji, subiri dakika 10, kaza tena.

Muuliza swali: Nimewauliza wenye kozi. Taya moja la plastiki la mazoezi kwa watu wanne.

Jibu la 1: Basi utatoboa tundu moja, mkuu. Tafuta nyingine.