Tupeane uzoefu: baiskeli yako ya kwanza Nairobi

Wadau, hamjambo. Kazi yangu ni uchekeshaji wa jukwaani, lakini leo nataka tuzungumzie baiskeli. Nimekulia Jericho, karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, na kwetu mchezo ulikuwa mpira tu: majuala ndani, kamba nje. Jioni moja mwalimu wa michezo alisoma majina ya timu, langu halikuwamo. Nilirudi nyumbani kwa njia za nyuma nisionekane.

Jumamosi yake fundi wa pale kona akanikodishia Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, shilingi tano nusu saa. Nikiketi miguu haifiki, basi nikapitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu, nikakanyaga pedali mwili umeinama upande. Cheni ilikuwa imelegea, kila mzunguko inalia kwa! kwa! Nikaanguka mara mbili. Mara ya tatu upepo ukanipiga masikioni, na nyuma fundi anapaza sauti, "Usiangalie gurudumu!" Furaha ile sijaipata tena, hata ukumbi ukijaa. Mpaka leo, siku ya onyesho, asubuhi huwa naendesha msitu wa Karura na hadithi zangu nazipangia humo. Nanyi je?

Binti wa Dandora: Kaka zangu walisema baiskeli si ya wasichana. Nikawa naamka alfajiri nachukua ya baba, ile ya kubebea mikate, keria imefungwa kwa mpira wa tyubu. Kumbe alikuwa ananiona dirishani. Hakusema neno. Siku moja nikakuta tandiko limeshushwa hadi mwisho.

Mkaazi wa Kikuyu: Huku kwetu David Kinjah alikuwa akifundisha vijana kuendesha, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Froome aliposhinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 2013 nilitoa baiskeli yangu stoo, nikaziba pancha tatu usiku uleule. Alishinda tena 2015, 2016 na 2017, na mimi sijairudisha stoo.

Wa Kasarani: Mimi naenda nayo kazini. Njia ya baiskeli ya Thika Road tunagombania na bodaboda, inauma sana. Vaeni kofia ngumu, tafadhali.

Mwanzisha mada: Dada wa Dandora, hilo la tandiko limenigusa. Mzee yupo?

Binti wa Dandora: Yupo. Kila nikimtembelea anabonyeza gurudumu kwa kidole gumba, halafu ananiuliza mara ya mwisho nilitia upepo lini.