Gumzo la ukoo: kura za Igunga

*Binamu Handeni:* Wakubwa shikamooni. Huku kijiweni jamaa kasema uchaguzi mdogo wa vijijini chama tawala hakijawahi kushindwa. Tumewekeana soda. Nani wa kuniokoa?

*Mama Mdogo Pangani:* Marahaba. Soda umeshakunywa. Arumeru Mashariki, 2012, tena Aprili mosi, kuna waliodhani utani. Joshua Nassari wa CHADEMA 32,972, Sioi Sumari wa CCM 26,757. Na Sioi ni mtoto wa marehemu mbunge mwenyewe, kiti akikiona cha nyumbani.

*Dada Makorora:* Tofauti ya elfu sita hiyo, bado si ya kubana pumzi. Semeni Igunga, kule Tabora. Ami si alikuwa anafundisha huko?

*Ami Ngamiani:* Nilikuwa karani wa kituo. Jumapili, Oktoba 2, 2011. Mbunge wa CCM, Rostam Aziz, kajiuzulu Julai, kasema kachoka na siasa uchwara, basi sisi ndio tukaanza kulishwa siasa hizo asubuhi na jioni. Helikopta ikisikika tu, darasa tupu. Na mwalimu yumo kwenye mbio.

*Binamu Handeni:* 😂😂 Akapita nani?

*Ami Ngamiani:* Dk. Dalaly Kafumu wa CCM, 26,484. Joseph Kashindye wa CHADEMA, 23,260. CUF elfu mbili na ushei. Lakini usishike hizo. Daftari lilikuwa na watu zaidi ya laki moja na sabini elfu, waliopiga kura hawakufika 54,000. Theluthi haikutimia! Mikutanoni watu walijaa mpaka juu ya miti. Jumapili wale wa mitini sikuwaona.

*Shangazi Muheza:* Samahanini. Mchele wa hitima kilo ngapi? Mwenye duka anataka kufunga.

*Dada Makorora:* 40 Shangazi.

*Shangazi Muheza:* Haya, endeleeni na kura zenu.

*Binamu Handeni:* Sasa Ami, kwa nini hawakuja?

*Ami Ngamiani:* Wengine wamehama na ng'ombe, wengine shahada za kupigia kura zimepotea. Wengi waliona rais hachaguliwi, foleni ya nini. Ndiyo maana uchaguzi mdogo anashinda mwenye watu wa kugonga mlango alfajiri, si mwenye spika kubwa.

*Ami Ngamiani:* Kilichonitoa jasho ni kuhesabu. Chemli mezani, mbu, mawakala wamenizunguka. Ikatoka karatasi moja, mtu kaweka vema lakini mkia wake umepanda mpaka kwenye mstari wa mgombea mwingine. Wakala huyu: imeharibika! Yule: mkia si kichwa, mwanzo wake uko wapi? Wakasimama wote. Msimamizi akaigeuza-geuza kwenye taa, akasema nia ya mpigaji inaonekana, imo. Ndipo tukajaza fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, mawakala wakasaini, nakala ikabandikwa mlangoni.

*Mama Mdogo Pangani:* Na kesi je? Agosti 2012 Mahakama Kuu Tabora ikautengua ushindi wa Kafumu. Ahadi ya daraja la Mbutu, hukohuko Igunga, aliyoitoa Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, ilikuwa miongoni mwa hoja. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikamrudisha Kafumu.

*Dada Makorora:* Kwani kuahidi daraja kuna ubaya gani? Watu si wanalihitaji?

*Mama Mdogo Pangani:* Wanalihitaji miaka yote. Linakumbukwaje wiki za kampeni tu?

*Ami Ngamiani:* Mvua ikishika kule mgonjwa havuki. Mimi daraja nalitaka hata likiahidiwa na shetani.

*Mama Mdogo Pangani:* Astaghfirullah, Ami 🙆🏾‍♀️

*Binamu Handeni:* Jamaa kakubali kushindwa, soda imeagizwa. Ila Ami, ile kura yenye mkia ilikuwa ya nani?

*Ami Ngamiani:* Karani ana kiapo.

*Mama Mdogo Pangani:* Mpaka leo?

*Ami Ngamiani:* Mpaka leo.

*Shangazi Muheza:* Mie aliniambia mwaka uleule. Mwanangu nipigie pembeni.

*Ami Ngamiani:* Dada! Shughulika na mchele.