Tupeane uzoefu: unapangaje vipande kwenye kitambaa kabla ya kutia mkasi?

Mwanzilishi, Ngamiani, Tanga
Mafundi wenzangu, habari za kazi. Nina miaka 11 kwenye cherehani, na kila kitambaa kilichowahi kuniliza kiliharibika kabla ya mshono wa kwanza. Kiliharibika kwenye kupanga. Nianze mimi.

Dada mmoja aliniletea kitenge yadi 4, cha ndege wakubwa, wote vichwa juu. Gauni refu la harusi ya mdogo wake, Jumamosi. Kitambaa kilikuwa cha kubana, kwa hiyo kipande cha nyuma nikakigeuza, upana wa chini ukakaa ubavuni mwa kiuno cha kipande cha mbele. Kikatosha, na kingine kikabaki. Alhamisi usiku nilipounganisha mbavu ndipo nikaona: mbele ndege wamesimama, nyuma wanaanguka. Ijumaa nzima nilizunguka na kipande mkononi, duka hadi duka, nikitafuta kitenge kile kile. Nilikipata saa kumi jioni, nikalipa kwa pesa yangu, nikashona hadi alfajiri.

Tangu siku ile natandika kitambaa chote kwenye mkeka, nasimama, natazama kwanza maua yanaelekea wapi. Kisha naweka pateni zote, yaani karatasi za umbo la kila kipande, hata ya mfuko na ya kola. Vikubwa kwanza, vidogo vifuate mapengo. Chaki haigusi kitambaa mpaka kila kipande kipate mahali pake. Nyie wenzangu?

Fundi kanzu, Chumbageni
Pole sana dada yangu. Mimi kanzu ndiyo iliyonifunza. Taharizi, vile vipande vya ubavuni, ni nyembamba juu, pana chini. Babu aliyenifundisha hakuzichora moja moja. Alipima mstatili mmoja, akapiga chaki ya mshazari toka juu hadi chini, mkasi ukapita mara moja, taharizi 2 tayari. Zimelala mzungu wa nne, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini, hakuna cha kutupa. Badani, kile kipande cha kiwiliwili, hutangulia, mikono inafuata, vikwapa mwisho kwa sababu vinaenea popote.

Ila hiyo ni kwa kitambaa cheupe kisicho na maua. Mahameli usiyalaze hivyo hata kidogo. Pitisha kiganja: upande mmoja unateleza, wa pili unakwaruza. Ukigeuza kipande kimoja, kwenye mwanga kitaonekana kimekolea rangi kuliko mwenzake, na mteja ataona kabla yako.

Mama wa Makorora
Mie nawaambia jambo moja tu: acheni kukunja kitambaa katikati kila siku kwa mazoea. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Ukikikunja nusu kwa nusu na pateni yako ya mbele ina upana wa inchi 14, inchi 8 na ushee zinabaki pembeni pande zote mbili, tena zimegawanyika, hazikutoshi hata mkono. Kunja kwa kadiri ya kipande kipana tu, inchi 15 basi. Unabakiwa na utepe mmoja mpana, inchi 15, kitambaa kisichokunjwa. Humo nakata mikono, ukiangalia usikate miwili ya upande mmoja. Hesabu hii peke yake imeniokolea nusu yadi mara nyingi, na nusu yadi ni sketi ya mtoto.

Mwanzilishi
Shikamoo mama. Hili sikulijua, nalijaribu leo leo.

Mwanafunzi, Pangani
Shikamooni. Naomba kuuliza. Nililaza pateni ya suruali kwa kuinamisha kidogo ili iingie. Ilitosha kabisa, nikashona, lakini fundi wangu akaikataa. Kwa nini?

Fundi kanzu, Chumbageni
Marahaba mwanangu. Fundi wako amekusaidia. Kitambaa kina mtande, nyuzi za urefu, na mshindio, nyuzi za kukatiza. Vuta kwa mtande, hakivutiki sana. Vuta kwa mshazari, kinanyumbuka. Ukiinamisha pateni, mguu wa suruali unajisokota baada ya kufuliwa, mshono wa pembeni unakuja mbele ya goti. Tazama mstari ulio katikati ya pateni. Pima kwa futi toka ncha yake ya juu hadi ukingo wa kitambaa, kisha toka ncha ya chini. Namba ziwe sawa. Kama haiingii hivyo, kitambaa hakitoshi, mwambie mteja mapema.

Mshona magauni ya kanga, Raskazone
Kwa kanga, mimi naanza na jina. Nasoma maneno, naamua yatakaa wapi mwilini, ndipo naweka pateni nyingine. Mama mmoja alinipa kanga aliyoachiwa na bibi yake, akaniomba jina lionekane mgongoni. Nililikadiria kwa macho, mwisho wake ukaingia kwenye mshono wa ubavu. Nilifumua, nikaunga kwa kipande cha pindo, likasomeka, lakini kanga ya bibi haina ya pili. Sasa natia pini mwanzo na mwisho wa jina kabla ya kitu chochote.

Mwanzilishi
Na pamba mpya nyie mnafua kwanza? Mimi naloweka usiku, naanika, napiga pasi, ndiyo napanga.

Mama wa Makorora
Lazima. Na ukishapanga, yale mabaki marefu ya pembeni usitupe. Kata utepe kwa mshazari, kule kunakonyumbuka, upana wa inchi 1 na nusu. Unazunguka shingo ya duara bila kukunjamana.

Mwanafunzi, Pangani
Asanteni sana wakubwa zangu. Ile suruali nimeifumua. Miguu imetoka kaptula 2 za mdogo wangu, safari hii mstari nimeupima mara 3.